Barua ya wazi ya fundi bomba: hayo majengo ya Posta wapeni watu walale

Kwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Majengo Tanzania (TBA). Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Na Mkurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Waheshimiwa, shikamooni kwa wale ninaopaswa kuwaamkia, na wengine salamu nyingi.

Mimi ni fundi bomba. Naishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kazi zangu nyingi ziko Posta, katikati ya jiji. Siandiki kwa niaba ya chama wala kampuni. Ombi langu ni kwamba majengo ya ofisi za Serikali yaliyobaki matupu pale Posta yageuzwe makazi ya watu. Naandika kwa sababu ya jengo moja ambalo sitalitaja, ambako msimamizi aliniita akilalamika kwamba ghorofa za juu zinanuka choo, na mafundi wawili waliotangulia wamekula hela harufu ikabaki palepale. Nikapanda. Lifti iliyokuwa inafanya kazi ni moja, nayo inaishia ya nne. Kuanzia hapo ni miguu. Ghorofa tatu nzima hazikuwa na mtu. Viti vimerundikwa kona moja, nyaya za simu zinaning'inia, ukutani kalenda ya mwaka ule wenye ofisi walipohama. Nikaingia chooni, nikamulika tochi kwenye kitundu cha sakafuni. Kikavu kabisa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huo. Kila sinki, kila choo, kila kitundu cha maji sakafuni kina kona ya bomba inayobaki na maji wakati wote, na yale maji ndiyo mlango unaozuia hewa ya majitaka isipande. Asipokuwepo mtu wa kufungua koki, maji yanakauka, mlango unabaki wazi, na jengo zima linavuta hewa ya chemba. Sikubadilisha bomba hata moja. Nilibeba ndoo, nikamwaga maji kila kitundu, ghorofa kwa ghorofa, nikamwambia arudie kila baada ya wiki mbili. Akanilipa huku anacheka: "Yaani fundi umenitibu kwa ndoo." Nikamwambia jengo lako haliumwi, limekosa watu.

Tangu siku hiyo kila nikipita mjini natazama juu. Nyinyi mnapita na magari yenye vioo vyeusi, labda hamuoni. Jioni taa zikiwashwa hesabuni madirisha yenye mwanga.

Historia mnaijua kuliko mimi, lakini niitaje kidogo ili tuwe ukurasa mmoja. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, ukakaa kwenye makabati zaidi ya miaka 40. Julai 2016 Rais Magufuli akasema sasa basi, tunahama, na kweli watu wakahama. Aprili 2019 majengo ya wizara pale Mtumba yakazinduliwa. Mei 2023 Ikulu ya Chamwino ikafunguliwa. Mwaka 2024 treni ya reli mpya ya kisasa, SGR, ikaanza kupeleka watu Dodoma. Sina ugomvi na Dodoma. Swali langu ni kwamba mwenye nyumba akihama, ile ya zamani anaifanyia nini? Kuanzia Kivukoni na Magogoni, ukapanda Luthuli, ukaingia Sokoine na Samora, kuna majengo yaliyojengwa kwa ajili ya ofisi za Serikali ambayo sasa hayana tena kazi ile. Baadhi yamebaki ofisi ndogo za wizara, baadhi yamepewa taasisi nyingine. Yaliyobaki yana mlinzi getini na njiwa juu.

Wakati huohuo mji unakimbilia porini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja na zaidi ndani ya miaka 10, na wengi wao hawakwenda Upanga. Wamekuja kwetu Chanika, wamekwenda Msongola, Mbande, Chamazi, Bunju, na siku hizi wamevuka kabisa mpaka wa mkoa wako Kisarawe, Kibaha na Mkuranga, lakini kazi bado wanaifuata Kariakoo na Posta. Mimi naamka saa kumi alfajiri. Nikitoka saa kumi na moja na nusu, siku imeshaharibika. Kwenye daladala nakaa na wafagiaji wa ofisi zenu, walinzi wenu, wauguzi wanaoshuka kuelekea Ocean Road, na akina mama wanaowahi samaki Feri. Wote tunakwenda kutumikia majengo ambayo usiku hayana mtu. Saa mbili usiku pale Samora unaweza kutandika mkeka katikati ya barabara ukalala.

Nimeshaambiwa kwamba mjini si mahali pa kuishi watu, ni mahali pa biashara. Aliyesema hivyo hajapita Kisutu. Mtaa wa Zanaki, Jamhuri, Mkwepu, Indira Gandhi, kote huko ni duka chini, nyumba juu, tangu kabla sisi hatujazaliwa. Watoto wanacheza mpira kwenye ngazi, nguo zinaanikwa kibarazani, bibi anashusha kikapu kwa kamba auziwe mkate. Serikali ilipotaifisha majengo mwaka 1971 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ilitaifisha nyumba za watu wanaoishi katikati ya mji, na ni hizohizo zilizoingia NHC mwaka 1990. Kwa hiyo shirika hili lina zaidi ya miaka 30 ya kupangisha watu Posta. Hakuna ugeni hapo.

Sasa niingie kwenye kazi yangu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Nimesikia watu wa aina mbili. Wa kwanza anasema ni rahisi, weka mbao za kugawa vyumba, pangisha. Wa pili anasema haiwezekani, bomoa. Wote wawili hawajawahi kulala chini ya sinki wakatazama juu.

Jengo la ofisi linajengwa hivi: lifti na ngazi katikati au pembeni, vyoo vimebanana hapohapo, cha wanaume na cha wanawake, na nyuma ya ukuta kuna njia ya wima ambamo bomba la majitaka linashuka toka juu mpaka kwenye chemba. Bomba moja au mawili kwa jengo zima. Nyumba haiwi hivyo. Kila familia inataka choo chake, bafu lake, sinki la jikoni. Bomba la choo la inchi 4 linataka mteremko. Sisi tunatumia moja kwa arobaini, yaani kila mita 4 bomba lishuke sentimita 10. Ukiweka choo mita 12 kutoka kwenye bomba la wima, mwisho wake limeshuka sentimita 30. Hizo sentimita 30 zinapita wapi? Chini ya zege, juu ya siling ya jirani wa chini. Kama jengo lina kimo cha kutosha, unashusha siling na maisha yanaendelea. Kama halina, utaona fundi asiye na haya analaza bomba bila mteremko, na baada ya miezi sita mnaniita mimi. Dawa ni kupanga majiko na mabafu yote yakae karibu na njia za wima, na pale inapobidi kufungua njia mpya moja au mbili kwa kutoboa zege toka juu hadi chini, mhandisi akiwa amesema wapi. Tundu moja likipigwa kwenye boriti mmeshaumiza jengo.

Maji ni jambo la pili. Kwa hesabu zetu za mafundi mtu wa ofisini ni lita 40 hadi 50 kwa siku. Ananawa, anatumia choo, anaondoka. Nyumbani mtu mmoja anaanzia lita 100, kuna kufua, kuoga na kupika. Kwa hiyo matangi ya juu yaliyotosha wizara hayatatosha wapangaji, na tangi zito la maji haliwekwi popote tu juu ya paa kwa sababu pana nafasi. Lakini kuna habari njema ambayo sijasikia mtu akiisema: katikati ya mji kuna mtandao wa majitaka. Sisi Chanika tuna mashimo, na shimo likijaa unaita gari la kunyonya, na mvua zikiwa kubwa wapo wanaofungulia mtaani usiku. Mnajenga makazi mapya kila siku mahali pasipo na bomba la majitaka, huku palipo na bomba hapana wa kulitumia.

Mhandisi mmoja niliyefanya naye kazi alinifundisha jambo ambalo lilinishangaza. Kwa viwango vya Uingereza ambavyo wengi wao wamesomea, sakafu ya ofisi inapigiwa hesabu ya kubeba kilonyutoni 2.5, yaani kama kilo 250, kwa kila mita ya mraba, ya nyumba ni 1.5, kama kilo 150. Maana yake jengo la ofisi halitishwi na kitanda na kabati. Linatishwa na ukuta wa tofali ambao haukuwa kwenye hesabu. Kuta za kugawa vyumba ziwe nyepesi, basi.

Na si kila jengo. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu najua mtavutwa na yale marefu ya vioo. Yaacheni. Jengo la vioo la miaka ya karibuni ni pana, katikati yake jua halifiki, madirisha hayafunguki, bila kiyoyozi ni oveni. Mpangaji wa kawaida hawezi kununua umeme wa LUKU wa kupumulia. Yanayofaa ni yale mnayoyaona ya kizamani, ya miaka ya 60 na 70: membamba, ghorofa nne hadi nane, korido katikati na vyumba pande mbili, madirisha yanafunguka kwa mkono, nje yana vile vibaraza vya zege vya kukinga jua. Waliosanifu yale walijua Dar ni joto na umeme unakatika. Ukifungua dirisha la upande wa bahari na mlango wa korido, upepo unapita wenyewe. Yale ya Wajerumani kule Kivukoni msiyaguse bila watu wa mambo ya kale. Hayo ni urithi na zege lao silielewi.

Mkiniuliza muanzie wapi, nitasema anzeni na hosteli. Ofisi yenye vyoo vya pamoja karibu na lifti tayari ni nusu ya hosteli. Unaongeza mabafu palepale bomba lilipo, unaweka jiko moja la pamoja kila ghorofa juu ya njia ileile, vyumba vinabaki vyumba. Kazi ya bomba inapungua sana, na kwenye kazi kama hii bomba ndilo linalokula hela. Wa kulala wapo mlangoni. Wanafunzi wa chuo cha fedha, IFM, wanapanga Kigamboni na kuvuka kwa pantoni asubuhi na usiku, wa chuo cha biashara, CBE, na cha teknolojia, DIT, wametawanyika mji mzima, wauguzi wa zamu za usiku wanasubiri kupambazuke ndipo wapate gari. Familia zije jengo la pili, mkishajifunza kwenye la kwanza.

Kuhusu usalama sitaki mzaha. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, wakafa watu 36. Novemba 2024 tukaona jengo lingine likianguka Kariakoo. Kwa hiyo kabla ya rangi na vigae, zege lipimwe, nondo zitazamwe, bahari imeshakula nini, maana chumvi ya pale Kivukoni haina urafiki na chuma. Zimamoto waje mapema waseme ngazi ya pili ya kutorokea ikae wapi, wasiitwe siku ya kukata utepe. Na mkaa usiingie ndani, uandikwe kwenye mkataba: gesi au umeme. Najua watu wetu, na mimi ni mmoja wao, tutatafuta upenyo wa kuchoma mahindi kibarazani. Mtukatalie.

Ipo pia hatari ya kutofanya chochote, na hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Johannesburg kulikuwa na jengo la ghorofa tano Mtaa wa Albert namba 80, mali ya jiji lenyewe, zamani ofisi ya pasi, vile vibali ambavyo watu weusi walilazimishwa kutembea navyo enzi za ubaguzi. Likaja kuwa makazi ya akina mama, kisha likaachwa. Watu wasio na pa kulala wakaingia wenyewe, wakagawa vyumba kwa mbao na mapazia, maji hakuna, umeme wa kuunga. Usiku wa kuamkia Agosti 31, 2023 likawaka. Walikufa watu zaidi ya 70, na Watanzania wakiwemo. Jengo la umma likikaa tupu katikati ya mji wenye watu wasio na nyumba, litapata wapangaji tu. Mnachoweza kuchagua ni kama wataingia kwa mkataba au kwa dirisha.

Kwa upande mwingine, haraka nayo ina gharama zake. Uingereza mwaka 2013 waliruhusu ofisi zigeuzwe nyumba bila kupitia kibali kamili cha mipango miji. Wenye majengo wakakata vyumba kama boksi za viatu, vingine havina hata dirisha, na familia zenye watoto zikawekwa humo. Ilibidi mwaka 2020 watoe kanuni kwamba kila chumba cha kuishi kipate mwanga wa asili, na 2021 kwamba nyumba isipungue mita za mraba 37. Kanuni hizo mbili si ngumu. Tuziandike sisi kabla ya kuanza, Halmashauri izitie kwenye kibali cha kubadilisha matumizi, ambacho Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imeshawapa mamlaka ya kukitoa.

Sasa la mwisho ambalo ndilo gumu. Msiuze.

Mapema miaka ya 2000 Serikali iliuza nyumba zake, zikiwemo za Oysterbay na kwingineko, wakauziwa watumishi waliokuwemo. Baadaye watumishi wapya wakakosa pa kukaa na TBA ikaanza kujenga upya kwa bei ya wakati huo. Siingii kwenye nani alipata nini. Nasema ardhi ya Posta haizaliwi mara ya pili. Mkiingia ubia na mwekezaji, na najua NHC ina sera yake ya ubia iliyoboreshwa 2022, atakachotaka ni kubomoa apandishe vioo, na nyumba zitakazopatikana juu yake hazitakuwa za mlinzi wala muuguzi. Zipangisheni wenyewe. Magomeni Kota mmeonyesha kwamba mnaweza: kaya 644 zilizobomolewa nyumba zao zilirudi kwenye maghorofa palepale, na Rais Samia aliyafungua Machi 2022. Yale yalianza kwenye msingi. Haya yana msingi, nguzo na paa tayari.

Mtasema wapangaji hawalipi. Wapo wasiolipa, kweli. Lakini mwaka 2016 NHC ilipotangaza wadaiwa wake sugu, wizara na taasisi za umma zilikuwa mstari wa mbele, kwa hiyo tusimnyooshee kidole mama ntilie peke yake. Huku mtaani mwenye nyumba anatudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwingine mwaka mzima, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake, na tunalipa. Tudaini mwezi kwa mwezi kwa namba ya malipo ya Serikali muone kama hatutalipa kwa furaha. Mtasema nguo zitaanikwa madirishani mji uonekane vibaya. Zitaanikwa, ndiyo.

Ninachoomba kwa sasa ni kidogo. Tangazeni orodha: jengo gani, la nani, lina ghorofa ngapi, ngapi zinatumika leo. Kisha chagueni moja, la kawaida, la umma, la ghorofa zisizozidi nane, mlifanye hosteli, na hesabu yake yote muiweke wazi ili anayedai haiwezekani abishane na namba.

Siku mkienda kulikagua, mwambieni mtunza jengo afungue koki zote za juu saa moja kabla hamjafika. Maji yatatoka mekundu kwa kutu, msishtuke, yaacheni yatoke mpaka yawe meupe. Na amwage ndoo ya maji kwenye kila kitundu cha sakafuni, la sivyo mtaingia, mtasikia harufu, mtaandika kwenye ripoti kwamba jengo limekwisha.

Ni mimi,
Fundi bomba, Chanika